Tabitha Karanja alishinda, shangazi yangu alirudishwa nyumbani

(Haya ni maneno niliyoyatoa Jumamosi mbele ya vijana wa chama hapa Nakuru, Agosti 2023. Wengi mliniomba niyaandike. Nimepunguza utani kidogo, mengine nimeyaacha yalivyotoka.)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya "wanawake na uongozi". Nilimwambia mwenyekiti kwamba mada hii kila mwaka hupewa msichana, tena mwishoni, wakati watu washaanza kusikia harufu ya pilau. Akacheka, akasema basi chagua unavyotaka. Nimechagua. Nitazungumza juu ya mwanamke mmoja mfanyabiashara aliyegombea useneta hapa hapa Nakuru mwaka jana akashinda, na ambaye si wa chama chetu. Halafu nitazungumza juu ya mwingine aliyekuwa wa chama chetu, na ambaye hamumjui. Wa kwanza ni Tabitha Karanja. Naona nyuso zimeanza kukunjwa. Nivumilieni, sikuja kumpigia debe. Ana watu wake wa kumpigia.

Hadithi yake mnaijua, wengi wenu mmetoka Naivasha na Gilgil. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Naivasha. Mwaka 1997 wakaanzisha Keroche, wakitengeneza mvinyo wa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Mwaka 2007 serikali ikapandisha ushuru kwenye mvinyo wa aina ile, bei ikapanda, soko likaanguka. Mtu mwingine angerudi kuuza misumari. Yeye 2008 akaingia kwenye bia, soko ambalo kampuni moja kubwa ilikuwa imelikalia tangu enzi za walowezi, tangu 1922. Mimi sinywi, kwa hiyo msiniulize kama bia yenyewe ni nzuri. Ninachosema ni kwamba kuingia kwenye soko lile ukitokea duka la hadiwea si jambo la mchezo.

Sisi tunaosoma sheria tulilijua jina la Keroche kabla hajawa mwanasiasa. Kuna kesi ya 2007, Keroche dhidi ya Mamlaka ya Ushuru, iliyoamuliwa na Jaji Nyamu katika Mahakama Kuu. KRA ilikuwa imebadilisha namna ya kuainisha vinywaji vyake kwa ushuru, kisha ikarudi nyuma na kumdai zaidi ya shilingi bilioni moja kwa miaka iliyopita. Jaji akafuta madai yale. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba serikali haiwezi kukupa sheria leo, ukaifuata, kesho ikaja kukwambia ile haikuwa sheria, lipa ya jana. Mwalimu wetu wa sheria ya utawala aliisomesha kesi hiyo kama mtu anayehubiri. Nilitoka darasani siku ile nikiwa na hakika nitakuwa wakili wa kodi. Ilipita wiki moja.

Lakini kuna upande wa pili, na siwezi kuuruka eti kwa sababu nampenda mwanamke aliyejitengeneza. Agosti 2019 yeye na mumewe walifikishwa mahakamani wakishtakiwa kukwepa kodi ya karibu shilingi bilioni 14. Walikana mashtaka. Na mwaka jana, mwaka uleule wa kampeni, KRA ilifunga kiwanda kwa sababu ya malimbikizo ya kodi, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Sasa piga picha. Mgombea yuko jukwaani anaomba kura, huku kiwanda chake kimetiwa kufuli na wafanyakazi wako nyumbani.

Sisi tulifanya nini? Mimi niko kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp vya chama hiki. Hoja ilikuwa moja tu, ikizunguka kama sahani ya arusi: huyu mama anatafuta kinga. Anaenda Seneti kujificha na kodi. Hata mimi niliituma. Nilituma na kikaragosi cha mtu anayekimbia na gunia. Niliona aibu baadaye, nilipokaa na Katiba na kuisoma vizuri.

Kwanza, kinga gani? Kifungu cha 117 kinampa mbunge na seneta uhuru wa kusema ndani ya Bunge. Hakuna mahali panaposema seneta hadaiwi kodi, au kesi yake inasimama hadi amalize miaka mitano. Pili, Kifungu cha 99 kinasema nani hawezi kugombea: aliyefilisika kwa amri ya mahakama na hajaondolewa hali hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na wengine. Mtu aliyeshtakiwa tu hayumo. Tena kifungu hichohicho kinasema hakuna anayezuiwa mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Najua wengi hapa hamkipendi kifungu hicho, kwa sababu wezi wengi wamepita chini yake kama panya chini ya mlango. Hata mimi kuna siku sikipendi. Lakini ndicho kilichowalinda watu wetu pia, walipokuwa wakishtakiwa kila baada ya maandamano.

Na tatu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, Seneti haigusi kodi. Kifungu cha 114 kinaeleza mswada wa fedha ni upi, na kodi imo. Kifungu cha 109 kinasema mswada wa namna hiyo unaanzia Bunge la Taifa pekee. Ushuru wa bia unapopandishwa au kushushwa kwenye Mswada wa Fedha, seneta wa Nakuru hupata habari kwenye runinga kama wewe na mimi. Mtu anayetafuta Bunge la kumpunguzia kodi ya bia angegombea ubunge Naivasha. Asingegombea Seneti.

Kwa hiyo tulikuwa na swali zuri mikononi tukalitupa, tukaokota la uvivu. Swali zuri lilikuwa hili. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Baa ngapi zifunguliwe, wapi, saa ngapi, ni kaunti inayoamua. Na Kifungu cha 96 kimeipa Seneti kazi ya kuzitetea kaunti na kuzisimamia katika pesa zinazopelekewa. Sasa mwenye kiwanda cha pombe anaketi katika nyumba inayoisimamia kaunti inayotoa leseni za pombe. Atafanya nini siku suala hilo likifika mezani? Atatangaza maslahi yake na kutoka nje ya chumba? Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamtaka ayaandikishe maslahi yake na asishiriki pale yanapogongana na kazi yake. Hilo tungemuuliza kwa heshima, jukwaani, mbele ya watu, naye angejibu, na wapiga kura wa Nakuru wangepima jibu. Pengine angekuwa na jibu zuri sana. Hatutajua, kwa sababu tulikuwa tunatumiana vikaragosi.

Na tuseme ukweli mwingine. Mwanamume mwenye kampuni akigombea tunasema huyu ana maono, huyu hawezi kuiba kwa sababu ana zake. Mwanamke mwenye kampuni akigombea tunauliza alizitoa wapi, na mumewe anasemaje. Swali la pesa zimetoka wapi ni zuri. Mimi nataka liulizwe kwa kila mmoja. Tatizo langu ni kwamba linatoka kabatini akija mwanamke, akiondoka linarudishwa.

Basi alishindaje? Nimewasikia wengine mkisema ni wilbaro tu, mwaka jana Nakuru ukisimama na wilbaro ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Ni kweli, wimbi lilikuwepo, nami sitalificha. Lakini lile wimbi lilikuwa la wote waliotaka tiketi ile, na waliitaka wengi. Aliyeipata ni yule ambaye watu walimjua kwa jina, na ambaye hakuhitaji kumpigia mtu magoti kwa ajili ya mafuta ya gari. Nakuru mwaka jana ilichagua gavana mwanamke, seneta mwanamke, na wabunge wanawake Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati, mbali na mwakilishi wa kike. Kaunti moja! Watu walikuja na kamera kutushangaa.

Ukitoka nje ya Nakuru picha inabadilika. Seneti ina viti 47 vya kuchaguliwa. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Mwaka 2017 walikuwa watatu. Mwaka 2022, watatu. Waliobaki mle ndani wameingia kwa orodha za vyama, zile nafasi 16 za uteuzi pamoja na chache za vijana na walemavu. Huku Kifungu cha 81 kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ilisema Desemba 2012 kwamba hilo litimizwe kufikia Agosti 2015. Miswada ikaletwa, wabunge wakakosa kufika idadi. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Hayo mnayajua, siyarudii. Mimi nataka tuzungumze kuhusu pesa, kwa sababu Katiba imezungumziwa sana na pesa haizungumzwi.

Mwaka jana IEBC ilitoza mgombea useneta au ubunge shilingi 20,000, na mwanamke, kijana au mlemavu 10,000. Elfu kumi! Hata mimi ningeweza kukopa Fuliza. Ukiishia hapo unadhani Kenya ni nchi ya haki. Lakini kabla hujafika kwa IEBC kuna chama, na kabla ya chama kuna watu. Tuna Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013, ya kuweka kikomo cha matumizi na kumlazimisha mgombea aseme nani kampa pesa. Haijawahi kutumika kwenye uchaguzi mkuu hata mmoja. 2017 waliisimamisha. Kwa uchaguzi wa mwaka jana IEBC ilichapisha viwango, Bunge likavikataa. Wanaopaswa kufungwa kamba ndio walioshika kamba.

Sasa nije kwa yule wa pili.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana duka la vifaa vya ujenzi kule kwetu Pwani. Ndiyo, hadiwea, kama Tabitha alivyoanza. Mabati, saruji, rangi, misumari ya kupimwa kwa kilo. Amelijenga kwa miaka kumi na saba. Ndiye aliyenilipia karo ya sekondari baba alipougua. Eneo letu ni ngome ya chama hiki. Tiketi ya chama ukiipata, kura za Agosti ni kama kwenda kuchukua nguo kwa fundi. Akina mama wa soko walimfuata, wakamwambia Bi mkubwa, wewe unajua hesabu, unajua shida ya maji, ingia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniita, nikiwa mwaka wa pili wa sheria, akaniambia mwanangu njoo uniandikie hesabu, sitaki kuibiwa na watu wa kampeni.

Nikawa mweka hesabu wake. Nilinunua daftari la kurasa 200, lile la jalada gumu. Ninalo hapa. Nimemwomba ruhusa, akanipa, mradi nisiseme jina lake wala eneo bunge.

Nisome kidogo. Ada ya mchujo ya chama, kwa mwanamke ilikuwa nusu, shilingi 125,000, hairudishwi. Mabango. Fulana 300, ambazo 80 hatukujua zilikokwenda. Mafuta ya bodaboda kila Jumamosi, na hapa wasomaji wa hesabu mtacheka, kwa sababu nimeandika pikipiki 40 na kwenye msafara nilihesabu 22. Mchango wa mazishi. Mchango wa mazishi. Mchango wa mazishi. Ukurasa huu wote ni mazishi, kwa sababu mgombea hawezi kufika matangani mikono mitupu, na mwaka wa uchaguzi watu wanakufa kama vile wamesubiri. "Wazee, ya sukari." "Wazee, ya sukari, tena." Ada ya M-Pesa peke yake inafika elfu kumi na tisa. Na hapa pana mstari ambao niliuandika kisha nikaukata, halafu shangazi akaniambia uandike tena, sisi hatufichi. Unasema: "Ofisa wa chama, ya kuweka faili juu." Faili iwekwe juu ya faili nyingine. Juu tu! Shilingi 50,000.

Jumla yote kufikia Aprili 2022 ilikuwa 2,310,000. Kwa wenye pesa hiyo ni chai. Yeye alizipata hivi: aliuza Canter yake ya kubebea saruji, milioni moja na laki moja na nusu. Akakopa laki nne kwenye chama chao cha akina mama. Zilizobaki zilitoka kwenye duka, yaani bidhaa iliuzwa na nyingine haikununuliwa. Nilikwenda likizo nikakuta rafu zina nafasi kama mdomo wa mzee.

Basi usiku mmoja, saa tano, simu ikalia. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja. Akaambiwa chama kimefanya maelewano, cheti kimepewa fulani, yeye ataangaliwa kwenye orodha. Fulani huyo wiki mbili kabla alikuwa kwenye chama kingine na kofia ya rangi nyingine. Hapakuwa na kura. Hapakuwa na wajumbe. Sheria ilivyorekebishwa 2022 inaruhusu mchujo usio wa moja kwa moja, lakini hata huo una utaratibu wake, una wajumbe au mahojiano. Simu ya saa tano usiku haimo.

Shangazi alisema "haya, asanteni", akakata. Akakaa kitandani. Akaniuliza, "Wewe si unasoma sheria?"

Nikasoma usiku ule kuliko nilivyowahi kusomea mtihani. Sheria ya Vyama vya Siasa inasema unaweza kwenda kwenye Mahakama ya Migogoro ya Vyama, lakini uonyeshe kwanza kwamba umejaribu kumaliza jambo ndani ya chama. Nikaandika barua ya rufaa, kurasa tatu. Ilikuwa hati yangu ya kwanza ya kisheria na ilijaa makosa, nimeitazama juzi nikajificha uso. Nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, nikafika ofisini asubuhi. Mlinzi akaniambia wakubwa wako kwenye kikao. Nikasubiri hadi saa kumi. Sikuuliza choo, niliogopa nikiondoka wataitwa watu. Mwishowe mlinzi, Mungu ambariki, akaichukua barua, akaandika "imepokewa" kwenye nakala yangu kwa kalamu, akatia sahihi yake. Hapakuwa na muhuri. Hadi leo hakuna jibu.

Nilitaka tuende mahakamani na nakala ile ya mlinzi. Siku zilikuwa zinakimbia, IEBC ilikuwa na tarehe zake. Shangazi akasema acha. "Nikiwashtaki nitaitwa adui wa chama, na duka langu liko hapa, nitauzia nani?" Orodha ilipotoka alikuwa nafasi ambayo hata ningekuwa mwendawazimu nisingeitegemea. Agosti akapiga kura. Alikipigia chama hiki. Nilimuuliza kwa nini, akanitazama kama mtoto mjinga.

Alivyosema kuhusu mambo yote haya ni mara moja tu, tukihesabu mkopo. "Chama kilinikopesha, chama kikanila." Ilibidi nimuulize chama kipi ni kipi. Cha akina mama amemaliza kukilipa mwezi wa tano mwaka huu. Canter hajairudisha. Siku hizi akiuza saruji, anamwita mtu wa mkokoteni.

Sikuwaletea hadithi hii mnionee huruma. Nimeileta kwa sababu ya swali moja la sheria, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Chama kinachotimiza masharti ya sheria hupata pesa kutoka Mfuko wa Vyama vya Siasa. Ni pesa za umma, kodi yako na yangu, hata ile ya bia. Sheria inasema sehemu ya pesa hizo, asilimia 15, igawanywe kwa kuangalia ni wangapi kutoka makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana, waliochaguliwa kupitia chama hicho. Yaani kila mwanamke anayeshinda analiletea jina la chama pesa. Halafu Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinasema si chini ya asilimia 30 ya pesa ambazo chama kimepewa zitumike kuendeleza uwakilishi wa wanawake, vijana, walemavu na makundi yaliyotengwa, Bungeni na kwenye mabunge ya kaunti.

Asilimia thelathini. Mliisikia mwaka jana? Mimi pia sikuisikia. Niliikuta kwenye vitabu, usiku ule wa simu.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa na kiongozi mmoja aliye hapa, na ninamheshimu. Ataniambia wanaume pia wanaachwa, maelewano ni siasa, na chama cha upinzani hakina pesa. La kwanza ni kweli. Wanaume wanaachwa kila siku. La pili silipingi sana, siasa bila maelewano ni vita. La tatu ndilo linalonichoma. Kama hatuna pesa, basi tuonyeshwe kitabu tuone hatuna. Shangazi yangu ana daftari la kurasa 200 na kila bodaboda imo. Chama kinachoitaka serikali ifungue vitabu vya madeni ya taifa kisishindwe kufungua ukurasa mmoja wa asilimia 30.

Wala msidhani hili ni la akina mama. Kijana amo mle mle ndani. Ninyi mnaobeba viti, mnaokesha mkibandika mabango, mnaolipwa soda na ahadi, kuna mstari wa sheria wenye jina lenu na shilingi ndani yake. Mkitaka kugombea uwakilishi wadi 2027 mtaanza na nini? Mnadhani mtapata Canter ya kuuza?

Tabitha Karanja sitamlaumu kwa kuwa na pesa. Alizihitaji, na alikuwa nazo. Lakini kama mlango una bei, na mwenye kiwanda ndiye pekee anayeimudu, sisi tusije tukasimama nje tukimzomea aliyeingia wakati funguo tunazo sisi. Wenzetu kule walimpa mfanyabiashara mwanamke tiketi ya useneta. Sisi wa kwetu tulimpigia simu saa tano usiku. Naomba anayetaka kuwacheka aanzie hapo.

Nimeandika barua kwa katibu wa chama. Safari hii ni ukurasa mmoja, nimejifunza. Inaomba mambo mawili: tupewe kwa maandishi ile asilimia 30 ilitumikaje mwaka wa fedha uliopita, na mwaniaji yeyote atakayenyimwa cheti 2027 apewe sababu kwa maandishi, yenye muhuri, kabla IEBC haijafunga. Haiombi shangazi arudishiwe chochote. Nilimuuliza kama niweke hilo, akasema usiniharibie barua.

Nakala iko kwenye meza karibu na mlango, pamoja na kalamu mbili. Jina langu liko la kwanza na namba ya uanachama. Nitaipeleka Jumatatu mwenyewe, na safari hii sitoki pale bila muhuri.

Nimemaliza, mwenyekiti. Daftari litabaki hapa mbele kwa anayetaka kulitazama, mikono safi tafadhali, pilau imefika. Nani ana swali?